Nilivyomwambia Mzee Asonge Bendera Ikishuka

Leo nimejiaibisha mbele ya mji mzima wa Eldoret. Sio mbele ya watu wawili watatu. Mji! Fungeni huo mlango, mama mwenye ploti asisikie, halafu mtu anipe chai kwa kikombe kikubwa. Na wewe Rael, ondoa hicho kicheko usoni. Hata sijaanza.

Mnajua leo ilikuwa siku gani. Si nyinyi ndio mlinisuka jana? Si wewe Rael ndiye uliniazima hii blauzi (nitaifua, hayo ni matope tu)? Leo nilikuwa nionwe na babake Kimutai. Miaka miwili niko na Kimutai, mwalimu wa watu, mpole mpaka mlango wa chumba chake mwenyewe anaubishia hodi. Na miaka miwili babake amekuwa akisema hapana bila hata kujua sura yangu. Msichana wa Bungoma, tena anayejikalia mjini peke yake, tena wa kupiga taipu kwa wakili? Hapana. Mpaka juzi ndio akalegea. Akamwambia Kimutai, "Nitakuja Eldoret nimwone na macho yangu. Nikiridhika, nitaenda kwao na wazee. Nisiporidhika, hiyo maneno tufunge."

Kimutai alikuja mpaka dirisha la ofisi saa ya chakula kunikumbusha. Jasho linamtiririka, na huku ni Eldoret, baridi imejaa.

"Saa kumi na mbili, nje ya ile hoteli inaangaliana na ofisi ya DC. Usichelewe, Nafula."

"Sitachelewa."

"Baba alikuwa askari. Alipigana Burma. Kwake kitu ya kwanza ni heshima."

"Na ya pili?"

"Heshima. Nafula, nakuomba. Ukifika, inamisha kichwa, msalimie pole pole, halafu usiongee mpaka akuulize."

Nikamwambia alale usingizi. Nikamwambia mimi nikiamua kuwa na adabu, hata bibi ya pasta huja kwangu kujifunza. (Mdomo huu! Mungu aliusikia, akasema, haya, ngoja basi.)

Sasa shida ilianzia wapi? Kwa kitabu. Msigune! Najua mnanijua. Ni mimi niliunguza sufuria ya Rael ya maharagwe kwa sababu mtu alikuwa amefungiwa ndani ya buti ya gari kwa ukurasa niliokuwa nasoma, na singeweza kumwacha mle ndani. Ni mimi nikipewa kitabu kipya kwanza nakinusa. Lakini hiki, jamani, hiki ni kingine. *Maiti Ilipiga Simu.* Tajiri wa sukari anazikwa mchana, watu wanalia, wanakula, wanaenda nyumbani, na jioni simu inalia kwa nyumba ya bibi yake. Anayepiga ni nani? Ni yeye! Mnaona? Hata wewe uliyekuwa unakuna mguu umeacha.

Na mnajua sheria yetu. Kitabu kimoja, watu wengi. Bilha wa posta amesoma, mama wa duka la vitenge amesoma, mimi nikakipata Jumatatu, na kesho asubuhi ni zamu ya Rael. Hakuna kuongezwa siku. Hujamaliza, shauri yako, utakuja kumaliza mwaka ujao kikirudi bila jalada. Na Rael hana huruma. Mwaka jana alininyang'anya kitabu nikiwa kwa sentensi. Sio kwa ukurasa. Kwa sentensi!

Kwa hivyo leo mchana kutwa nilikuwa nacho chini ya meza ya taipu. Wakili akipita, napiga herufi zozote, ta-ta-ta-ta, akienda, narudi kwa maiti. (Kuna mteja mmoja wa kesi ya shamba atapata barua ya ajabu sana.) Saa kumi na moja na nusu nikafunga ofisi, nikajipaka mafuta midomoni, nikapangusa viatu. Zilikuwa zimebaki kurasa chache tu. Inspekta alikuwa ameingia kwa nyumba ya yule tajiri, peke yake, taa zimezimwa. Anasikia pumzi. Mtu anapumua ndani ya kabati.

Niambieni nyinyi. Mtu mwenye akili timamu anafunga kitabu hapo?

Nikaamua hivi: nitasoma nikitembea, mpaka kona ya hoteli. Kwa kona nitakiweka ndani ya mkoba, nitatengeneza kola, nitainamisha kichwa, nitakuwa msichana wa heshima. Kutoka ofisini mpaka pale sihitaji macho. Nimetembea hiyo njia nikisoma mpaka miguu imekariri. Harufu ya mkate, nashuka kidogo. Harufu ya ngozi za fundi viatu, napinda kushoto. Nikikanyaga kokoto najua nimefika upande wa maofisi.

Mvua ilikuwa imenyesha, kuna madimbwi, nayaruka tu bila kuangalia. Watu wanasema "Madam, angalia mbele!" Mimi nasema "Mm." Inspekta amekaribia kabati. Ananyoosha mkono. Nikageuza ukurasa na kidole cha mate.

Hapo filimbi ikalia.

Na hapa mnisikilize vizuri, kwa sababu watu watawaambia kwamba sikusikia filimbi. Nilisikia! Shida ni kwamba kwenye kitabu, mstari ule ule, inspekta alikuwa ametoa filimbi kuita askari wake. Akapuliza. Nami nikasikia ikilia, priiii, nikajiambia ndani ya roho, huyu mwandishi ni hatari, mpaka naisikia kwa masikio yangu.

Mtoto wa nasari anajua filimbi ya saa kumi na mbili kwa DC. Bendera inashuka. Ikilia, unasimama. Ulikuwa unakimbia, unasimama. Ulikuwa kwa baiskeli, unashuka na kusimama. Hata walevi wa kule nyuma ya soko hushikilia ukuta na kusimama. Hujongei, huongei, hujikuni, mpaka bendera ikunjwe na filimbi ya pili ilie. Na siku hizi vile mambo yako, nani anataka kuulizwa kwa nini hakusimama?

Mimi. Mimi ndiye niliendelea kutembea.

Tena nilifurahia! Nilishangaa mji umetulia vizuri. Brashi za wapiga viatu zimenyamaza. Malori ya mahindi yamezima injini. Hakuna kengele za baiskeli, hakuna mtu anayeniambia niangalie mbele. Nikasema asante Mungu, leo watu wa Eldoret wamejua mtu anasoma. Nikatembea katikati ya watu wote hao, kwa-kwa-kwa, na hivi viatu vyangu vya kisigino, mimi peke yangu ndiye ninatoa sauti kwa mji mzima. Mimi na kuku mmoja wa mama fulani aliyekuwa amembeba kwapani.

Inspekta akashika mlango wa kabati. Akauvuta.

Nikagonga mtu.

Nikamgonga kabisa, kifua kwa kifua, kitabu kikanibana pua. Na hakusonga! Hakusema pole, hakurudi nyuma, hakufanya chochote. Mnajua mimi nikikatizwa nikisoma huwa sio mtu. Damu ilinipanda. Sikuinua hata macho. Nikatafuta mstari wangu na kidole, huku nikimpasha.

"Si usonge, mzee! Umesimama katikati ya njia kama nguzo ya stima!"

Kimya.

"Nasema songa! Umeota mizizi?"

Kimya.

"Ama wewe ni kiziwi?"

Hiyo "kiziwi" ilienda ikagonga ukuta wa benki, ikarudi. Nikaisikia ikirudi. Nikajiuliza, mbona sauti yangu inazunguka hivi? Ndio nikainua macho.

Woi, mama yangu! Watu kila mahali, wamesimama wima. Akina mama na mabeseni kichwani. Dereva wa lori ameshuka, amesimama kando ya gurudumu, mikono chini. Mtu wa baiskeli ameuacha mguu mmoja hewani, hakuwahi kuuteremsha. Na macho yao yote, kwa sababu vichwa havikuruhusiwa kugeuka, macho peke yake, yamenigeukia mimi. Nikaangalia kule mbele. Bendera ilikuwa nusu ya mlingoti.

Nikaganda. Nini kingine ningefanya? Niliganda vile vile nilivyokuwa, kitabu wazi mkononi, kidole kwa mstari.

Ndio nikamwangalia mtu niliyemgonga. Mzee mfupi, kavu, koti la kijivu limepigwa pasi mpaka linang'aa. Kifuani medali. Mgongo umenyooka mpaka mlingoti wa DC ungeona wivu. Mkono mmoja umebaki kifuani vile mtu hushika kofia, lakini kofia haiko. Na kando yake, amesimama wima, machozi yanamlengalenga, mboni zimemtoka, ni Kimutai.

Nikaangalia masikio ya mzee. Nikaangalia masikio ya Kimutai. Ni masikio yale yale.

Halafu nikajua kofia iko wapi. Nilikuwa nimeikanyaga. Ilikuwa ndani ya dimbwi, na kisigino changu kilikuwa kimezama katikati yake, na sikuweza kuinua mguu kwa sababu bendera ilikuwa bado inashuka.

Nyinyi hamjawahi kuona bendera ikishuka pole pole hivyo. Askari anaivuta kidogo, anapumzika. Anaivuta kidogo. Na mimi niko pale, uso kwa uso na baba mkwe, pua zetu karibu ziguse, nimemwita kiziwi, nimekanyaga kofia yake, na hakuna mmoja wetu anayeruhusiwa kusema neno. Hakupepesa jicho. Mimi nilipepesa. Nilipepesa mpaka machozi yakatoka. Nilitamani mvua irudi, radi ipige, ng'ombe atoroke machinjioni apite hapo katikati, kitu chochote.

Filimbi ya pili ikalia. Mji ukapumua. Hapo ndipo baba mkwe aliponiambia neno la kwanza katika maisha yangu.

"Mguu," alisema.

Nikainua mguu. Kimutai akainama, akaokota kofia, akaipangusa na mkono wa shati lake. Kisigino changu kilikuwa kimetoboa shimo la duara juu yake, safi kabisa. Nikafungua mdomo kuomba msamaha, nikasikia mtu nyuma yangu.

"Wewe! Kuja hapa!"

Koplo wa pale kwa lango. Mtu mkubwa, sauti kubwa. Watu wakatengeneza duara mara moja, mnajua Eldoret, hata wenye haraka wakakumbuka hawana haraka.

"Unajua umefanya nini?"

"Afande, samahani."

"Hukusikia filimbi?"

"Nilisikia, afande."

"Ulisikia? Na hukusimama?"

"Nilidhani ni ya kitabu."

Watu wakaangaliana. Koplo akaniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni, akashusha sauti, na vile alivyoishusha ndio niliogopa kabisa. "Kitabu ilipiga filimbi?"

Jamani, ilikuwa na maana kabisa kichwani. Ilipotoka mdomoni ndio ikaharibika.

"Kadi ya chama iko wapi?"

"Iko nyumbani, afande."

"Leta hiyo kitabu." Akakichukua. Akalisoma jalada kwa sauti, silabi kwa silabi, na duara lote likisikiliza. "Maiti... Ilipiga... Simu. Hii ni ya siasa?"

"Hapana, afande. Ni ya maiti."

"Maiti ya nani?"

"Ya tajiri mmoja wa sukari."

Kicheko kilichokuwa kwa watu kikaisha. Mtu anaulizwa habari ya kitabu mbele ya lango la serikali, bila kadi, siku hizi! Kuna watu wameulizwa maneno machache kuliko hayo, na bibi zao bado wanawapelekea chakula jela. Koplo akafungua katikati, akaanza kuchunguza kama kuna maneno mabaya. Midomo inacheza. Akageuza ukurasa. Akageuza mwingine. Halafu akasahau kidogo, akaniuliza, "Na huyu bibi, mbona hashtuki simu ikilia?"

"Afande, hata mimi nilijiuliza."

Akakumbuka kazi yake. Akafunga kitabu, akaangalia watu. "Nani anajua huyu mwanamke?"

Mimi nikamwangalia Kimutai. Miaka miwili, jamani. Nimemfulia mashati. Nimemsahihishia mitihani ya darasa la sita akiwa na malaria. Nimekaa kwa baridi ya Kaptagat nikimsubiri atoke mkutanoni. Nikamwangalia na macho yote mawili. Na Kimutai akaangalia viatu vyake.

"Namfahamu," alisema. Halafu akameza mate. "Kidogo."

Kidogo! Hiyo ilinichoma kuliko koplo. Hiyo bado iko hapa kifuani, naisikia hata nikimeza chai.

Mzee akamwangalia kijana wake. Akachukua ile kofia, na matope yake, na shimo lake, akaiweka kichwani. Akapiga hatua mbili za askari mpaka mbele ya koplo.

"Afande, huyu ni wangu."

"Ni msichana yako, mzee?"

"Bado. Nimetoka Moi's Bridge leo kuja kuona kama atakuwa."

Duara lote likasema "Woooi!" kwa pamoja. Na yule mama wa kuku, asante sana kwake, akasema kwa sauti, "Basi si umemwona!" Watu wakavunjika mbavu. Dereva wa lori alikalia bampa. Nilitaka ardhi inimeze, lakini hiyo ardhi yenyewe ilikuwa imejaa maji.

Koplo alijaribu kutocheka, akashindwa, akakohoa. Nikaona nimepona. Lakini akasema sheria ni sheria, nisimame pale mbele ya mlingoti nionyeshe watu vile raia husimama.

"Ni sawa," mzee akasema. "Na asimame vizuri."

Mnafikiri alitania? Alikuja mwenyewe kunipanga. "Visigino pamoja. Hapana, pamoja. Mikono chini. Funga ngumi, kidole gumba mbele. Tumbo ndani. Kidevu juu. Unaangalia nini? Angalia mbele." Baba mkwe wangu, siku ya kwanza kuonana, ananiambia niweke tumbo ndani mbele ya watu wa soko! Na bendera yenyewe haikuwepo tena, ilishakunjwa ikaingizwa ndani. Nilikuwa nimesimama wima nikiheshimu chuma kitupu.

Wakili wangu akapita na gari lake. Akapunguza mwendo. Akateremsha kioo. Akanipungia mkono na uso wa mtu aliyeona mambo ambayo hayamhusu. Singeweza kumpungia. Nikalia tu, machozi yakashuka mpaka kidevuni, na sikuweza kuyapangusa kwa sababu ngumi zilikuwa zimefungwa. Kimutai alikuwa kando ameshika mkoba wangu. Angalau mkoba alikubali kuufahamu.

Nilisimama mpaka watu wakachoka na mimi. Koplo alikuwa ameketi kwa benchi la walinzi, na kitabu changu. Hakuwa akiniangalia hata kidogo. Mwishowe mzee akamwita.

"Afande, imetosha."

"Eh?" Akainua kichwa, macho yako mbali. "Nini? Ah. Enda, enda. Usirudie."

"Na kitabu, afande?"

"Hii tunachunguza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nimalize." Akajikwaa. "Mpaka tumalize uchunguzi."

Ndiyo, Rael. Ndiyo. Kiko kwa koplo. Usinikazie macho, nenda wewe ukamwambie ni zamu yako.

Tukaingia hotelini. Tukaketi kwa meza ya pembeni, mzee upande huu, mimi na Kimutai upande ule kama watu wa kesi. Kofia ikawekwa juu ya meza katikati ya sukari na kikombe cha maziwa. Chai ikaja. Nikaona sasa hapa ndio maneno yanafungwa, kama alivyosema. Nikaona miaka yangu miwili inarudi Moi's Bridge ndani ya basi. Nikasema basi, niombe msamaha angalau niondoke na adabu kidogo.

"Mzee, nisamehe. Sikujua ni wewe."

"Ungejua si mimi, ingekuwa sawa?"

Nikaongeza sukari kwa chai iliyokuwa na sukari.

Akanywa chai, akaweka kikombe. "Uliniita nini?"

"Nguzo ya stima, mzee."

"Halafu?"

"Nikauliza kama umeota mizizi."

"Halafu?"

"Kiziwi, mzee." Sauti yangu ilikuwa imeingia chini ya meza.

"Rudia ile ya kwanza."

"Si usonge, mzee."

"Hapana. Na ile sauti."

Nikamwangalia Kimutai. Kimutai akaangalia chai. Nikamwangalia mzee, nikaona huyu mtu hatanii, anataka kusikia. Na mimi nilikuwa nimechoka kuaibika vidogo vidogo. Nikavuta pumzi.

"SI USONGE, MZEE!"

Hoteli nzima ikanyamaza. Mhudumu aliyekuwa anapita na sinia akarukia kando mpaka akagonga ukuta.

Mzee akatikisa kichwa taratibu, ameridhika, kama mtu aliyejaribu injini ya trekta ikawaka.

"Kwangu ng'ombe ya jirani inaingia mahindi kila siku," alisema. "Huyu kijana yangu anaenda kuongea na jirani. Unajua anamwambia nini? 'Tafadhali.' Anarudi, na ng'ombe inaendelea kukula." Akamgeukia Kimutai. "'Namfahamu kidogo.' Mimi sikukulea kidogo."

"Baba, niliogopa."

"Nimeona. Hata yeye aliogopa. Alikuwa anatetemeka mpaka matope inaruka. Lakini alisimama."

Kimutai akafunika uso na mikono. Nikamwonea huruma, nitasema ukweli, lakini sio yote. Kidogo.

Halafu mzee akasema atakuja Bungoma, Jumamosi ile nyingine, na wazee wa ukoo wake. Atakaa na babangu waongee. Nyinyi! Nilisahau koplo, nilisahau mlingoti, karibu nimshike mkono. Nikasema asante mzee, asante sana. Nikamwambia nyumbani watampokea vizuri, babangu ni shemasi wa kanisa, mtu wa heshima, watapatana.

"Shemasi," alisema. "Vizuri. Nitamweleza kila kitu. Mtu wa kanisa anapenda ukweli."

"Kila kitu, mzee?"

"Vile ilikuwa. Sitaki asikie kwa watu wengine kwanza."

"Hata... ya kiziwi?"

"Hiyo pia."

"Na kofia?"

Akaichukua mezani, akaigeuza, akachungulia shimo la kisigino changu kwenye mwanga wa taa. "Hii nitakuja nayo," alisema. "Sitaiosha."

Kwa hivyo ndio hivyo. Ninaolewa. Siku yangu ya kuombwa, mbele ya babangu na Biblia yake, mbele ya shangazi zangu wote ambao wamekuwa wakisema vitabu vitanikosesha bwana, mtu atatoa kofia ya matope na kuanza hadithi. Na nyinyi mtakuwa pale pale mkigawa chai. Chekeni leo, chekeni mpaka mlie, mimi nimewaruhusu. Lakini Jumamosi hiyo, mtu akitoa hata pumzi ya pua mbele ya mashemasi, nitamwambia asonge, na mji mzima ulishaisikia sauti yangu.